Mwaka na miezi minne na Nintendo Switch nyumbani: nazungumzia pesa tu

Jamani mie si mtu wa magemu. Mie mshonaji, nina cherehani zangu mbili Ngamiani hapa Tanga na wateja wangu wa madera na sare za shule, ila hii Switch, mashine ya magemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, nimekaa nayo ndani mwaka na miezi minne sasa na kila senti imetoka mfukoni kwangu kuanzia mashine mpaka kadi ya gemu ya mwisho, kwa hiyo naandika kama mlipaji. Wa kuchambua picha na spidi wapo tele. Mie nataka niongelee pesa inavyotoka, manake nikiuliza wenzangu wenye watoto kila mtu anajua gemu la watoto wake linaitwaje lakini ukimuuliza linakula shilingi ngapi kwa mwezi ananyamaza.

Kilichonifikisha huku ni gemu la bure. La simu, la paka paka, rangi nzuri, limeandikwa la familia, silitaji jina. Mwanangu wa pili ana miaka minane, nilikuwa nimeunganisha kadi ya benki kwenye simu kwa ajili ya kuagiza vitambaa, sikukuu ya Idd nikampa simu acheze mie niko jikoni na wageni, Jumatatu naangalia salio nakuta imekwenda elfu 86. Yaani hela ya kitambaa cha madera. Nikamuuliza baba umenunua nini, ananiambia mama sijanunua kitu, nimefungua masanduku tu. Na mtoto hakudanganya! Kwenye lile gemu hakuna mahali pameandikwa shilingi, pameandikwa almasi, unanunua almasi mara moja halafu almasi ndo zinafungua sanduku, na ndani ya sanduku hujui kuna nini mpaka ulifungue, ukikosa unaambiwa bado kidogo tu, jaribu tena. Na ukikataa kulipa unawekewa saa, subiri masaa manne. Mtoto wa miaka minane asubiri masaa manne?

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba hili limeshafika mpaka serikalini huko Marekani, Desemba 2022 tume yao ya biashara iliwabana kampuni ya Epic Games wenye gemu la Fortnite wakakubali kulipa dola milioni 520, milioni 275 kwa mambo ya taarifa za watoto na milioni 245 za kurudishia watu waliochotwa hela bila kukusudia, ikiwemo watoto kununua bila mzazi kuulizwa. Nilivyosoma nikashukuru kwamba sikumpiga yule mtoto. Watu wazima wenye elimu zao wamekaa wakapanga kitufe kikae wapi ili kidole kiteleze.

Sasa mtaani kwetu kuna banda la pleisteshen, mia tano mechi moja ya mpira. Na mie nalisifu lile banda kwa kitu kimoja, mtoto anashika mia tano yake mkononi, anaitoa, imekwisha, anarudi nyumbani. Anaijua bei. Tatizo ni wale vijana wakubwa na maneno yao, na kwamba ukijumlisha watoto watatu kila wikendi unakuta umetoa hela nyingi na huna kitu ndani.

Basi kaka yangu yupo Dar akaniambia dada chukua Switch, ni ya watoto, haina mambo ya almasi. Tukaipata Kariakoo, used, laki 6 na 80 na kamba zake na kontrola zake mbili ndogo, akaipakia basi nikaenda kuipokea stendi ya Kange. Mtu akitaka kununua aulize toleo la kuanzia 2019, lile la kwanza la 2017 betri yake inaisha haraka, hili la pili kampuni yenyewe inasema masaa manne na nusu mpaka tisa kutegemea gemu. Kwa Tanga hii ni hoja kubwa mno kuliko picha. Umeme ukikatika usiku wanaichomoa kwenye tivii wanaendelea kucheza mkononi, na mie cherehani imelala nasikia wanacheka gizani.

Haya bei. Hawa Nintendo hawashushi bei. Sisemi wanachelewa kushusha, nasema hawashushi. Mashine ilitoka Machi 2017 kwa dola 299.99 Marekani, na mwaka 2025 mwezi wa nane, miaka nane imepita na mpya yake imeshatoka, wakaipandisha ikawa 339.99. Mie cherehani ikifika miaka nane ukiniletea kwa bei ya dukani nakucheka. Na magemu ndo vile vile, Mario Kart 8 Deluxe, gemu la mashindano ya magari la mhusika wao Mario, lilitoka 2017 kwa dola 60, na lenyewe lilikuwa limeshauzwa kabla kwenye mashine yao ya zamani ya Wii U tangu 2014, yaani ni dera lililofumuliwa likashonwa upya, na mpaka leo dukani ni dola 60 zile zile, kwetu karibu laki na nusu na zaidi kutegemea dola imeamkaje. Na limeuza nakala zaidi ya milioni 60! Zamani walikuwa na utaratibu wa kuyatoa magemu ya zamani kwa dola 20 na alama maalumu kwenye boksi, wakauita Nintendo Selects, kwenye Switch wakauacha.

Nilikasirika mwanzoni. Halafu nikaja kuona upande wa pili ambao kwa mtu wa kipato changu ndo wenye maana zaidi. Bei isiposhuka dukani, na kadi yako uliyonunua haishuki. Hiyo Mario Kart niliipata ya mkono wa pili kwa laki na ishirini, watoto wameicheza wee mwaka mzima, na juzi kijana wa Chumbageni kaitaka kwa laki na kumi hapo hapo. Super Mario Odyssey nilinunua laki moja, nikaja kuiuza laki moja. Hela imekaa kwenye kabati kama kitenge cha akiba. Almasi za lile gemu la paka nimuuzie nani?

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mzazi, nunua kadi, usinunue ya kushusha mtandaoni. Ya mtandaoni mara nyingi bei ni ile ile, inakula bando, na haiuziki. Kadi inaazimwa. Sisi tuko nyumba tatu tunazungushiana, yangu ikiwa Makorora ya wao iko kwangu, watoto wanajua zamu. Mwaka 2025 kampuni imeleta utaratibu wa kuazimana hata ya mtandaoni, lakini mpaka muwe kwenye kundi moja la familia, wiki mbili kisha inarudi yenyewe, na mara ya kwanza mashine mbili lazima ziwe karibu karibu. Ni afadhali, ila mpaka nimweleze jirani yote hayo si bora nimpe kadi mkononi.

Kuhusu wanavyojitangaza. Hapa nawapa haki yao, wanajua kuongea na nyumba nzima. Mwaka 2006 walivyotoa mashine yao ya Wii matangazo yao yalijaa mababu na mabibi wamesimama sebuleni wanarusha mkono, na nje ya Japani na Korea Kusini gemu la michezo lenyewe, Wii Sports, lilikuwa ndani ya boksi, hununui. Mie nimeona kwa macho yangu hicho kitu kinavyofanya kazi. Mama yangu ana miaka 67, goti linamsumbua, siku ya kwanza watoto wamemshikisha kontrola ya bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini, kwenye gemu la Switch Sports, amejifunga kanga yake vizuri, akarusha, akaangusha zote, akapiga kigelegele mpaka jirani kaja kuuliza kuna harusi gani. Tangu hapo kila akija kutoka Pangani salamu hazijaisha anauliza lile jiwe langu liko wapi. Sijaona gemu la simu likiweka vizazi vitatu mkeka mmoja.

Lakini angalia. Ile Wii Sports ilikuja na mashine. Switch Sports ya 2022 inauzwa, ya kadi dola 49.99 na kikanda cha kufungia paja. Halafu walivyotoa Switch 2 mwaka 2025 wakatengeneza gemu la kukuonesha tu mashine yako ina nini ndani, Welcome Tour, nalo dola 9.99. Kukuonesha mashine uliyoinunua! Mie nikimkabidhi mteja gauni nikamwambia zipu inafunguka hivi, nimdai elfu mbili ya maelezo? Zamani walikuuzia gauni na vifungo vyake, sasa hivi naona vifungo vinaanza kuhesabiwa mbali, na hili linaniuma kwa sababu ni kampuni iliyojijengea jina la uungwana kwa watu wenye watoto.

Kitu ambacho hawakuhesabu ni programu ya mzazi, ipo bure kwenye simu, tangu mwanzo 2017 waliitangaza kwa katuni ya yule jitu Bowser, adui wa Mario, akimdhibiti mwanawe, na ni nzuri kweli. Mie nimeweka saa moja na nusu siku za shule, ikifika inatoa alamu, naweza kuizima kabisa nikitaka, na jioni naona kila mtoto kacheza nini dakika ngapi. Ununuzi nimefunga kwenye akaunti za watoto wote, hata waguse wapi haiendi. Chukua nusu saa siku ya kwanza ufanye hili kabla hujawapa mashine. Usiseme nitafanya kesho.

Na huyo Mario wenu mjue hauzwi kwenye kadi peke yake. Filamu yake ya 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, kuna viwanja vya burudani vyenye eneo lake Osaka tangu 2021, California 2023, Florida 2025. Huku kwetu Mgandini mabegi ya Mario yamejaa, feki yote najua mie kwa mshono, Nintendo hapati hata thumni, lakini tangazo anapata bure. Binti yangu mdogo alimjua Mario kwenye begi kabla hajaiona mashine.

Sasa usajili. Wana kitu kinaitwa Nintendo Switch Online, cha kucheza na watu wa mbali kwa mtandao, kwa bei ya Marekani dola 19.99 kwa mwaka mtu mmoja, au 34.99 familia mpaka akaunti nane. Kwa mwaka sio mwezi, ukilinganisha na wengine ni nafuu sana. Kuna cha juu yake cha 49.99 na familia 79.99 ambacho kinaongeza magemu ya zamani na zile njia 48 za nyongeza za Mario Kart, ambazo ukizinunua zenyewe ni 24.99. Nikiulizwa nunua kipi nasema kama watoto wako wanacheza pamoja ndani, usinunue chochote. Watu wanne kwenye tivii moja hakuhitaji usajili wala bando. Kwangu tulikaa miezi kumi bila usajili na hakuna aliyelia. Kinachonikera mie ni kwamba kuhifadhi gemu lako mtandaoni mashine isije ikafa na kazi zako nako kumefungiwa humo humo kwenye usajili, kwa mtoto aliyehangaika miezi sita hilo ndo la thamani kuliko yote na wanalijua. Na ukinunua usajili unajirudia wenyewe mwaka ukiisha mpaka uende uzime. Zima siku hiyo hiyo.

Na kulipa kwenyewe ukiwa huku ni mtihani. Akaunti yetu tuliifungua kwa duka la Marekani, tunanunua namba za kadi za zawadi. Mara ya kwanza nilitumiwa namba na muuzaji mmoja wa mtandaoni, nimelipa kwa simu, nikaingiza naambiwa imeshatumika, nimpigie hapokei, elfu 60 imekwenda na maji. Tangu hapo nanunua kupitia kaka yangu tu na tunaiingiza pale pale kabla hela haijatoka. Hapa ndo unajua tangazo la familia lilimlenga nani, familia yenye kadi ya benki, wifi isiyohesabiwa na duka la kampuni karibu. Sisi tumejichomeka wenyewe.

Kuna watu watasema basi Nintendo ni malaika hawana masanduku ya bahati. Si kweli, na hili niliambiwa na mpwa wangu anayesoma kompyuta, nikafuatilia. Kwenye simu walianza vizuri, Super Mario Run la Desemba 2016, unajaribu bure kidogo kisha unalipa dola 9.99 mara moja basi, gemu lote lako. Watu wakalalamika ghali. Hao hao watu kesho wanalipa almasi za dola 50 kidogo kidogo! Basi 2017 wakaja na Fire Emblem Heroes, hilo ni la kubahatisha, unalipa hujui utamtoa mpiganaji gani, na 2019 Mario Kart Tour likaja na mabomba yake, unalipa bomba linakurushia dereva yeyote, juu yake na pasi ya dola 4.99 kwa mwezi. Mario yule yule wa kwenye begi la binti yangu. Ubelgiji walivyobana sheria za kubahatisha, mwaka huo huo wa 2019 Nintendo wakayaondoa Fire Emblem Heroes na gemu lao jingine la simu, Animal Crossing Pocket Camp, kule. Mwaka 2022 mabomba ya Mario Kart Tour wakayafuta, ukawa unanunua unachokiona. Na Pocket Camp wakalifunga Novemba 2024 wakatoa toleo la kulipa mara moja. Gazeti la Wall Street Journal liliandika 2019 kwamba walikuwa wanawaambia wabia wao wasiwakamue wachezaji mno, wakiogopea jina lao. Mie nimelisoma hivi, wamejaribu biashara ile, wakaona inachafua kitambaa, wakarudi nyuma, ila hawakurudi yote maana Fire Emblem Heroes bado lipo. Kwa hiyo jina la Nintendo kwenye simu lisikulaze usingizi, angalia gemu lenyewe.

Mambo mawili ya haraka. Zile kontrola ndogo za Joy-Con ukinunua used kagua kistiki, kuna ugonjwa maarufu wa kujisogeza chenyewe, mpaka mkuu wa kampuni Furukawa aliomba radhi 2020, na pea mpya ilitoka kwa dola 80 Marekani, hapa mtu anamwendea fundi wa simu. Na Animal Crossing New Horizons, gemu zuri la upole kabisa la kujenga kisiwa chako, lakini mashine moja kisiwa kimoja hata muwe watoto watano, na aliyeanza ndo mwenye kisiwa, wengine wanapanga. Watu duniani wamelalamika wee. Ukitaka visiwa viwili nunua mashine mbili. Hilo kwa gemu lililouzwa kama la familia mie naona si sawa.

Kijana wangu mkubwa sasa anaitaka Switch 2. Ilitoka 2025 kwa dola 449.99 hiyo, na Mario Kart World yake 79.99, gemu moja laki mbili. Nikamkalisha nikamwandikia kwenye daftari la wateja, hii ni madera mangapi, akakaa kimya akahesabu, akasema mama basi tusubiri. Lakini kuna jambo sijalisahau. Japani mwaka huo huo waliitoa mashine hiyo hiyo kwa yen 49,980, bei ya chini kabisa kulinganisha na wenzao, ila imefungwa iongee Kijapani tu. Kumbe wanaweza kupima mfuko wa nchi wakakata bei kwa kipimo chake! Mie mshonaji najua, ukimpima mteja umeshamtambua. Sisi huku hatujapimwa. Na baadhi ya magemu ya kampuni nyingine kwenye hiyo mpya kadi yake ni ufunguo tu, gemu lenyewe unashusha mtandaoni, kwa mtu wa bando usome boksi vizuri kabla hujalipa.

Nyota zangu nne kwa mashine, tatu kwa bei, tano kwa ile programu ya mzazi. Mario Kart nimeshamkatalia yule kijana wa Chumbageni, mama yuko njiani anakuja Ijumaa na safari hii kasema atajaribu na gari. Natafuta Kirby and the Forgotten Land, ya kadi sio ya mtandaoni, hata boksi likiwa limepasuka haina shida, mtu wa Tanga mwenye nayo nitatoa mpaka laki na kumi, au tubadilishane na Odyssey ya jirani yangu, ameshakubali.